Swali la Udhu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo, akaweka usafi wetu na uchafu wetu katika kiwiliwili kimoja, kisha akatufundisha kujitwaharisha kabla ya kusimama mbele Yake. Namshukuru kwa macho haya aliyoniachia mpaka umri wa miaka sabini na moja, maana macho ndiyo yaliyonilisha mimi na wanangu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo, wajukuu zangu, ninyi mnaosomea kazi ya maabara na ninyi ambao hamtaisomea kamwe, nisikilizeni.

Mimi nilikuwa mpima choo. Ipambeni kwa jina lolote mtakalo, hiyo ndiyo kazi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikaa kwenye chumba chenye dirisha moja, katika kituo cha afya upande wetu huu wa Bagamoyo, nikitazama kwa hadubini vitu ambavyo wenyewe hawakutaka kuvitazama. Nilipima damu na mkojo pia, lakini hakuna aliyenikumbuka kwa hivyo. Watu waliniita Bwana Kibiriti.

Jina hilo lina sababu yake. Zamani vikopo vya plastiki havikuwepo. Mgonjwa aliambiwa aende nyumbani, na asubuhi yake alete haja kidogo, kiasi cha punje ya hindi, ndani ya ganda la kibiriti. Mzee mmoja wa Mbegani alinipa kibiriti chake, tukaamkiana vizuri, tukaulizana hali za nyumbani. Nilipokifungua nikakuta njiti zimepangwa safi. Tukatazamana. Akafikiri kidogo, kisha akatoka mbio bila hata kuaga, maana saa ile ndiyo mkewe alikuwa anawasha jiko la chai.

Siku nyingine walikuja ndugu sita wa nyumba moja, kila mmoja na kibiriti chake, na wote sita nikawakuta na minyoo ileile, na ganda la pilipili lilelile. Walikuwa wamemtuma mmoja wao chooni kwa niaba ya wote.

Tulicheka sana. Lakini kuna jambo moja nililiona tangu mwaka wa kwanza, na sikulielewa mpaka liliponigharimu. Wanawake walivileta vibiriti vyao wenyewe. Walivifunga kwenye pindo la khanga, wakakaa kwenye benchi, wakasema shida yao. Vibiriti vya wanaume vililetwa na wake zao. Ukiuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" unaambiwa yuko shamba, yuko pwani, yuko kilioni. Mwenyewe alikuwa nyuma ya ukuta wa kituo, amechutama, anachora chini kwa kijiti.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Bwana Hilari. Alikuwa Mkristo, mtu mpole, asiyenena sana, na mwezi wa Ramadhani hakunywa chai mbele yangu hata siku moja. Alinifundisha kuchanganya haja na tone la maji ya chumvi, kuitandaza kwenye kioo mpaka uweze kusoma herufi za gazeti kwa chini yake, wala isiwe nzito wala isiwe nyepesi. Alinifundisha kutembea na kioo kama mtu anayelima: anza pembeni, nenda mpaka mwisho, shuka tuta moja, rudi. Usirukeruke. Na alikuwa na neno lake moja ambalo aliliandika kwa mkono na kulibandika ukutani juu ya meza: Yai la kwanza ni mgeni mlangoni, wenyeji wako ndani.

Maana yake ni hii. Ukiona yai la mnyoo, roho inafurahi. Umepata jibu. Mkono unataka kuandika, kioo kinataka kuwekwa kando, na foleni iko mlangoni. Hapo ndipo mpimaji anapopotea. Yule mnyoo yupo kweli, hukudanganya. Lakini humalizi shamba kwa kukuta mgomba mmoja.

Nililisoma neno hilo kila asubuhi. Niliwasomea na wengine. Kisha nikalivunja kwa shemeji yangu.

*

Shemeji yangu aliitwa Athumani. Ni ndugu wa tumbo moja na mke wangu Mwanaidi, yeye mkubwa, Mwanaidi mdogo kwa miaka miwili. Walizaliwa Saadani. Mwanaidi nilipomwoa alikuja kukaa nami hapa Kerege, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam. Athumani alibaki kwao, akifanya kazi ya kununua samaki, kuwatia chumvi na kuwaanika. Mtu mrefu, mwenye sauti, na maskani yake ilikuwa safu ya kwanza msikitini, nyuma ya imamu.

Alikuja kwetu katika harusi ya binti yangu Salma. Siku ya pili, tukitoka kuswali alasiri, alinishika mkono tukabaki nyuma ya wenzetu. Akasema, "Shemeji, wewe umesoma vitabu. Kuna mtu, akienda haja hutokwa na damu. Udhu wake unakuwaje?"

Mimi nilisomea fiqhi kwa maalim wangu kwa miaka saba kabla sijashika hadubini. Hakuna swali tamu kwangu kama la udhu. Nikamweleza kwamba kila kitokacho katika njia mbili kinatengua. Nikamweleza kwamba ikiwa damu haikatiki, basi mtu huyo anahesabiwa mwenye udhuru: ajisafishe, ajizibe kwa kitambaa, atawadhe kila swala ya faradhi ikishaingia wakati wake, kisha aswali, na swala yake ni sahihi. Nikamtajia na hitilafu za wanazuoni. Alinisikiliza kwa makini sana, akanishukuru, tukaenda kula pilau.

Nilijibu mas'ala, sikumjibu mtu. Sikumwuliza huyo mtu ni nani.

Wajukuu zangu, katika maisha yangu msikitini nimesikia swali hilo mara nyingi, na kila mara huanza hivyohivyo: kuna mtu. Mwanamume wa pwani hamwendei mganga kwa ajili ya tupu yake ya nyuma. Atamwendea maalim kwa ajili ya swala yake. Damu anaweza kuivumilia, lakini udhu usiotimia unamtia hofu. Kwa hiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa haikuja maabara kwangu. Ilikuja msikitini, imevaa kanzu, na mimi niliyekuwa kotekote sikuitambua.

Miezi kadhaa ikapita. Mwanaidi akaenda kwao kuzuru, akarudi na Athumani kwa nguvu, maana alimkuta amepauka kiganja na kope. Lakini kituoni alikataa kwenda. Dirishani pale pa kuandikishia alikaa binti wa Saadani, mtoto wa jirani yake, naye angemwambia nini? Basi asubuhi Mwanaidi akanijia na kibiriti cha kaka yake. Ilikuwa Ijumaa.

Nikatandaza. Katika tuta la pili nikaliona yai la safura. Safura ni mnyoo anayeingia kwa nyayo za miguu na kunyonya damu tumboni. Mtu hupauka, huchoka. Kila kitu kikakaa mahali pake. Nikaona pia chembe nyekundu za damu, na ute, zimetapakaa, nyingi kuliko ambavyo safura huacha. Niliziona, Mungu ni shahidi. Nikatazama saa. Khutba ilikuwa karibu. Nikaandika kwenye cheti "mayai ya safura", nikaosha mikono, nikaenda kuswali.

Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Mwezi mmoja alionekana amepona, akarudi Saadani akinisifu. Alipouliza habari ya ile damu kwa wazee wenzake, wakamwambia hiyo ni bawasiri, kila mwanamume mwenye umri anayo, achemshe mizizi. Neno bawasiri ni neno la heshima kwetu. Ukilitaja, hakuna anayeuliza zaidi. Limewazika watu wengi, neno lile.

Tuliitwa wakati masika yamekolea, mto Wami umejaa, njia haipitiki kwa siku mbili. Tulipofika alikuwa ameshafariki. Tumbo lilikuwa limefunga, akitapika, na gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limenasa kwenye tope.

Nikaombwa niongoze kumwosha. Mwosha hatangazi alichokiona kwa maiti, hiyo ni amana, nami hili nimelisema baada ya kuomba ruhusa kwa dada yake na wanawe. Mnajua katika kuosha kuna mahali unamwinua maiti kidogo, unampitishia mkono wa kushoto tumboni kwa upole, ili kilichobaki kitoke kabla ya kumtia maji. Nikaupitisha mkono. Chini ya kitovu, upande wa kushoto, mkono ukasimama. Palikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa kidaka, ile nazi changa inayoanguka kabla ya wakati wake.

Walionishikia shuka wakaniuliza kama nimechoka. Nikasema hapana, ongezeni maji.

*

Tangu siku hiyo nilipima kwa hofu. Sisemi kwa tahadhari, nasema kwa hofu. Kioo kimoja nilikipitia mara mbili, tatu. Foleni ilipiga kelele, mkuu wa kituo alinionya, na vijana walionipokea kazi waliona mzee amekuwa mzito. Kila nilipoona damu bila sababu ya kutosha niliandika, nikapiga mstari chini yake, nikamfuata tabibu mwenyewe chumbani kwake kumsemea kwa mdomo.

Nikaanza pia kuwaza ni nani anayefika mapema na ni nani anayechelewa. Wanaohesabu mambo haya duniani wanasema saratani ya utumbo mpana, ambayo naamini ndiyo niliyoigusa kwa Athumani, haiui sawasawa. Mahali pengi inachukua wanaume zaidi ya wanawake, na mahali unapoishi pana neno lake katika kufa na kupona. Sababu wanazitaja nyingi, chakula, tumbaku, pombe, maumbile, na mimi si mjuzi wa kuzipima. Naweza kusema tu nilichokiona kwenye benchi langu.

Binti wa kwetu akivunja ungo huwekwa ndani, akapewa kungwi. Na jambo la kwanza anafundishwa ni kutazama. Damu hii rangi yake ni ipi, imeanza lini, imekoma lini, hii ni ya hedhi na hii siyo, maana swala yake na funga yake vimesimama juu ya elimu hiyo. Anatazama maisha yake yote. Kijana wa kiume yeye alipelekwa jandoni. Jandoni damu ilipotoka tuliambiwa tutazame juu, tuimbe, na atakayelia ataitwa mwanamke mpaka azeeke. Hatukufundishwa kutazama damu. Tulifundishwa kuinyamazia. Kisha tukarudi kwenye vyoo vyetu vya shimo, vyenye giza, tukajisafisha kwa maji ya kopo kwa mkono wa kushoto, na kilichotoka kikaenda na maji.

Na mahali? Kutoka hapa Kerege ukisimama barabarani unapata gari la Dar kabla hujamaliza kukung'uta viatu. Kutoka Saadani, wakati wa mvua, unahitaji kwanza mto ukubali. Ugonjwa ni mmoja. Anayekaa mbali huhesabiwa siku zake kwa hesabu nyingine.

Msije mkanielewa vibaya. Wanawake nao wanakufa kwa ugonjwa huu, nao wako wanaoficha, na wengine husema ni siku zao zimevurugika. Lakini nawapeni mfano wa nyumba yangu.

Miaka kadhaa baada ya kumzika kaka yake, Mwanaidi alinijia asubuhi nikinywa uji. Alikuwa ameshakoma hedhi zamani. Akasema, "Baba Salma, nimeona damu katika haja siku tatu. Ya kwangu ya zamani naijua. Hii siyo yangu."

Siku tatu tu. Uji ukanishinda. Nilijua ni tumbo lile lile lililowazaa wote wawili, na nilishaambiwa na tabibu kwamba ugonjwa huu hupenda kufuata ndugu. Tulipanda gari asubuhi ileile. Dar wakampima kwa kamera, wakakuta uvimbe, bado mdogo, haujatoka nje ya utumbo. Wakampasua. Miezi mingi alikuwa na mfuko ubavuni wa kupokea haja, na swali lake la kwanza alipozinduka lilikuwa, "Nitaswalije na hiki?" Nikamjibu mas'ala yale yale niliyomjibu kaka yake, neno kwa neno, na nililia nikiyasema. Alidhani nalilia mfuko.

Leo Mwanaidi ana miaka sitini na minane. Anapalilia mihogo, anagomba na kuku, ana kovu tumboni ambalo wajukuu wakimwuliza anawaambia alipigana na simba wa Saadani.

*

Sasa nije kwangu, maana ningeweza kunyamaza hapa mkaniona mwenye hekima.

Mwaka jana Salma alitujengea choo cha ndani, chenye sinki jeupe na taa. Nililalamika sana. Nilisema mtu hawezi kufanya haja yake mahali panapong'aa kama sahani. Mwezi wa pili wa kukitumia, asubuhi, niligeuka kuchukua maji nikaona kwenye lile jeupe uzi mwekundu.

Nikamwaga maji haraka.

Wajukuu zangu, mimi Bwana Kibiriti, mwenye kuosha maiti ya shemeji yangu, mume wa mwanamke aliyenifundisha kwa vitendo nini cha kufanya, nilisema kimoyomoyo: bawasiri. Nikalisema kwa sauti kabisa, peke yangu mle chooni, kama mtu anayejisomea kinga. Nikaanza kula mapapai. Nikaanza kuzima taa nikiingia.

Ikarudi. Nikaanza kuogopa kusujudu, nisije nikachafua mkeka wa Mwenyezi Mungu. Nikahama safu. Tangu nistaafu nilikuwa wa safu ya kwanza, nikarudi ya mwisho, karibu na mlango. Jirani yangu Shomari, fundi baiskeli, mtani wangu wa siku zote, hakuliacha lipite. "Mzee Omari, safu ya mbele umeikodisha?" Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nikamjibu kwamba huku nyuma kuna upepo.

Wiki saba nilikaa hivyo. Nilikuwa nikiamka na kuhesabu: leo, je? Nikiiona, siku yote naiwaza. Nisipoiona, naogopa kesho. Nilikuwa nikimtazama Mwanaidi akila na kuwaza nani atamwosha mwenzake kwanza. Hofu hiyo haikunipeleka kituoni. Ilinikalisha. Hilo ndilo nataka mlijue kuhusu hofu: watu wanadhani humkimbiza mtu, kumbe mara nyingi humfunga miguu.

Kilichoniumbua ni sabuni. Katika ndoa ya miaka arobaini na mitano sikuwahi kufua nguo yangu. Mwanaidi akanikuta uani nimeinamia beseni, nafua seruni. Akasimama. Akaniangalia mpaka nikaona aibu kama mtoto.

"Tangu lini unafua?"

Nikasema nataka kumpunguzia kazi. Hakucheka. Akavuta kibao cha mbuzi, akakikalia mbele yangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo akalitaja jambo ambalo nilidhani nalijua mimi peke yangu.

"Kile cheti cha kaka Athumani nilikisoma," alisema. "Kilisema safura. Baadaye daktari wa Dar aliponieleza ugonjwa wangu, nikaelewa kuwa siku ile ulikosea. Sikukulaumu, Baba Salma, kwa sababu ulitazama ukakosea. Sasa unataka kukosea bila kutazama?"

Povu lilikuwa linanikauka mikononi.

Kesho yake akanisindikiza kituoni kama alivyowahi kukisindikiza kibiriti cha kaka yake, ila safari hii mwenye mali alikuwepo. Chumba ni kilekile, dirisha limeongezwa nyavu. Aliyepo sasa ni Zuhura, binti aliyekuja kujifunza kwangu mwaka wangu wa mwisho. Akaniamkia, "Shikamoo babu," nikaitikia marahaba, nikampa kikopo cha plastiki. Hakuuliza cha nani. Sijui angeuliza ningesemaje.

Nikakaa kwenye benchi. Wajukuu zangu, benchi lile ni refu. Miaka yote niliishi upande wa pili wa mlango na sikujua urefu wake.

Baada ya muda Zuhura akachungulia. "Babu, nimeona mayai ya safura."

Nitawaambieni ukweli mbele ya Mungu: nilifurahi. Safura! Natembea peku shambani, bila shaka ni safura, nipewe kidonge nikanywe chai kwangu. Nilishasimama. Nilishashika kofia. Mimi, niliyeambiwa na Bwana Hilari, niliyemwosha Athumani, nilikuwa naikimbilia nyumbani habari ileile niliyompa yeye.

"Kaa, babu," Zuhura akasema. "Sijamaliza kioo." Akaelekeza kidole ukutani, juu ya meza, ambako karatasi ya Bwana Hilari ilikuwa bado ipo, imegeuka njano, imefunikwa plastiki.

Nikakaa.

Alipomaliza aliandika safura, akaandika na damu nyingi, akapiga mstari chini yake, akatoka mwenyewe kwenda kwa tabibu. Nilimtazama akipita na karatasi ile, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na papo hapo nikamshukuru Mungu kwa binti yule. Vyote viwili vilikuwa ndani ya kifua kimoja.

*

Dar wamenipima kwa kamera wiki iliyopita. Wamekuta kitu. Wamekata kinyama kidogo kupeleka kupimwa, na majibu ni Jumatatu. Daktari alisema huenda tumewahi, huenda hatukuwahi, wiki saba si siku tatu. Mwanaidi aliuliza maswali yote, mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Sijui nitakachoambiwa. Nayaandika haya Ijumaa usiku haujaingia, maana nikiambiwa jema nitaona aibu kuyaandika, na nikiambiwa vingine huenda nisiweze.

Lakini mchana wa leo kulikuwa na darsa baada ya swala. Maalim, kijana mwenye elimu nzuri, alisomesha mlango wa twahara, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Nilikuwa safu ya mwisho, karibu na mlango. Nikainuka. Magoti yalinipiga kelele, watu wakageuka.

"Maalim, nina swali la udhu," nikasema. "Kutokwa na damu katika haja. Na si la mtu mwingine. Ni mimi."

Maalim akanijibu mas'ala kwa adabu, yaleyale, na aliyajua vizuri. Alipomaliza nikamwomba radhi, nikasema jibu hilo ni la swala, na lina ndugu yake la pili ambalo ni la mwili, na mwenye kulichukua la kwanza akaliacha la pili ni kama mimi nilivyofanya. Nikawaeleza habari ya sinki jeupe. Nikawaeleza, bila kumtaja jina, habari ya mtu mmoja aliyeuliza kwa jina la mwingine na mjinga mmoja aliyemjibu bila kumwuliza. Nikaketi. Hakuna aliyecheka.

Nilichelewa kutoka kwa ajili ya magoti. Nilipofika kwenye viatu nikamkuta Shomari ameinama, anatafuta ndara zake, na ndara zake alikuwa amezivaa. Nikangoja aseme mzaha wake. Akangoja watu wapite wote.

"Mzee Omari," akasema bila kuinua uso. "Lile swali lako. Kuna mtu..."

Nikamshika mkono, kama Athumani alivyonishika, na safari hii nikauliza nilichopaswa kuuliza miaka ile.

"Mtu gani, Shomari?"

Akavua ndara moja, akaivaa tena.

"Miezi minne sasa," akasema. "Ni mimi."

Nikamwambia Jumatatu nafuata majibu yangu, na Mwanaidi amekwishaniwekea nafasi ya dirishani kwenye gari la Dar. Nikamwambia asubuhi tupitie kwanza kwa Zuhura, na kikopo atakishika mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akubariki wewe uliyesoma mpaka hapa. Akufungulie macho kwa yale unayoyamwagia maji haraka, akupe ulimi wa kusema "ni mimi" kabla siku hazijawa nyingi, akuondolee hofu inayofunga miguu na akupe ile inayotembeza. Akuweke karibu na barabara, au akukaushie njia yako. Na ukisimama kuswali, ikiwa ni safu ya kwanza au ya mwisho karibu na mlango, akupokee. Amina.